UZI: Darasa, bweni na choo cha shule ya serikali: nini kikaguliwe kabla hakijafunikwa

Timazi_na_Pimamaji

Wakuu, huu uzi ni kwa wajumbe wa kamati za ujenzi za shule, walimu wakuu, watendaji wa vijiji na mafundi wanaojenga kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kusimamia fundi. Tangu fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, madarasa yalipojengwa kwa milioni 20 kila moja, hadi miradi ya SEQUIP (sekondari) na BOOST (msingi), shule nyingi zimepewa jukumu la kununua vifaa na kusimamia fundi zenyewe. Mwalimu wa Historia anageuka msimamizi wa zege. Anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri, mradi ajue aangalie wapi na aangalie lini.

Msimamo wangu ni huu: sehemu zinazoua ni zile zisizoonekana siku ya makabidhiano. Mgeni rasmi anaona rangi, vigae na madirisha ya aluminiamu. Haoni kina cha msingi, nondo za linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), wala kilichoshika kenchi (fremu za mbao za paa) ukutani. Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho ni wa kuhesabu vitasa tu. Ukaguzi wenye maana una vituo vitano, na hakuna kinachofunikwa hadi mhandisi wa halmashauri asaini kwenye kitabu cha saiti:

1. Mtaro wa msingi ukiwa wazi, kabla ya zege la chini.
2. Kifusi kikiwa kimeshindiliwa na nailoni imetandikwa, kabla ya jamvi (zege la sakafu).
3. Nondo za linta zikiwa ndani ya mbao, kabla ya kumwaga.
4. Kenchi zikiwa zimefungwa, kabla ya bati.
5. Mabomba na nyaya zikiwa wazi, kabla ya plasta.

Mhandisi mmoja ana saiti nyingi, hilo linajulikana. Mpigieni siku tatu kabla, si asubuhi ya kumwaga zege. Akichelewa, fundi aendelee na kazi nyingine. Picha za simu zisaidie kumbukumbu, zenye futi ya kupimia ndani ya picha, lakini picha haichukui nafasi ya saini yake.

Nianze na udongo. Chimbeni shimo la majaribio la mita 1.5 hadi 2 kwenye kila pembe ya jengo kabla ya kukubali kiwanja. Shule nyingi zimepewa eneo ambalo hakuna aliyelitaka, yaani bondeni au kwenye udongo mweusi wa mbuga. Udongo huo hunywa maji ukavimba masika, kisha hunywea kiangazi hadi mpasuko ukameza kiganja. Ukijenga juu yake msingi wa kawaida, ufa utaanzia pembe ya dirisha na kushuka mshazari, na plasta haitauziba kamwe.

Kama hakuna kiwanja kingine, ondoeni mbuga angalau mita moja chini ya msingi (mhandisi anaweza kutaka zaidi), rudishieni moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji na kushindiliwa, kisha msingi uwe na mkanda wa zege wenye nondo. Nje zungusheni sakafu ya zege yenye upana wa mita moja inayoteremka kuelekea nje, ili maji ya paa yasisimame ukutani. Na msipande mikaratusi karibu na jengo. Mizizi yake hukausha udongo upande mmoja, jengo likainama.

---

MwlMkuu_Kata

Asante mkuu, umegusa penyewe. Swali: BOQ (orodha ya kazi na vifaa vya mradi) imeandika zege 1:2:4. Fundi anapima kwa toroli, mfuko mmoja kwa toroli mbili za mchanga na nne za kokoto. Anasema ndiyo hiyo hiyo. Ni sahihi?

---

Mkadiriaji_Majenzi

Mwalimu, si sahihi hata kidogo, na hapo ndipo uimara unapopotea bila mtu kuiba kitu.

Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa hiyo 1:2:4 ni lita 35 za saruji, lita 70 za mchanga, lita 140 za kokoto. Kwa ndoo ya lita 20: mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto. Toroli iliyojaa ni kama lita 60. Toroli mbili ni lita 120, toroli nne ni lita 240. Hiyo imekaribia 1:3.5:7. Saruji imebaki karibu nusu ya ilivyoandikwa.

Ili kumaliza ubishi, tengenezeni boksi la mbao lisilo na kitako, ndani liwe sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hilo ni lita 35 kamili. Mabox mawili ya mchanga, manne ya kokoto, mfuko mmoja. Yeyote anaweza kuhesabu, hata mjumbe asiyejua ujenzi.

Maji: lita 25 hadi 28 kwa mfuko, pungufu kama mchanga una unyevu. Mafundi huongeza maji zege lilainike na kuteleza haraka. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguvu inashuka sana. Zege likitiririka lenyewe kama uji, limeharibika. Likatalieni hapo hapo.

Kumwagilia: siku 7 ni kiwango cha chini, 14 ni bora, hasa Dodoma, Singida na Shinyanga kwenye upepo mkavu. Funikeni kwa magunia mabichi. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, inahitaji maji ili ishike.

---

Fundi_Mwashi88

Naongezea kwenye tofali. Watu wanasifiana "mfuko wangu unatoa tofali hamsini". Tofali la inchi 6 lenye urefu wa milimita 450 na kimo 225 ni lita 15. Hamsini ni lita 760. Umetia lita 35 za saruji humo, yaani zaidi ya 1:20. Hilo linashikwa na rangi tu. Chukueni tofali tatu bila mpangilio katika kila mzigo, zilowekeni usiku kucha, asubuhi ziangusheni kwa kimo cha kifua kwenye udongo mgumu. Likigawanyika unga, rudisheni mzigo mzima.

---

Bi_Mapokezi

Kamati ya mapokezi wengi wetu tunasaini kwa kuhesabu vipande. Nondo 40, tumepokea 40. Je, kuna namna ya kujua kama ni za unene unaotakiwa bila kifaa cha kupimia?

---

Mkadiriaji_Majenzi

Ipo, dada, na ni mizani ya kawaida ya mazao. Kanuni: unene kwa milimita zidisha kwa wenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Kwa nondo ya mita 12:

mm 8: kilo 4.7
mm 10: kilo 7.4
mm 12: kilo 10.7
mm 16: kilo 19

Funga nondo tano za mm 12, pima. Zinapaswa kukaribia kilo 53. Zikiwa kilo 45, ulizouziwa ni za mm 11. Upungufu wa asilimia chache unavumilika, huo wa kilo 8 haukubaliki. Pimeni na urefu pia, maana zipo zinazokuja mita 11 na kitu. Andikeni uzito kwenye hati ya mapokezi, si idadi peke yake.

Mkishapokea, linganisheni na mahitaji. Mfano wa darasa la mita 9 kwa 7 ndani, ukuta wa inchi 6: linta ya kuzunguka ni kama mita 33. Ikiwa upana 150 na kimo 225, zege ni mita za ujazo 1.1, saruji mifuko 8. Nondo nne za mm 12 kuzunguka ni mita 132, pamoja na maungio ya nusu mita na pembe unahitaji nondo 13. Ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo hizo nne) za mm 8 kila sentimita 20 ni ringi 165. Kila ringi inakula sentimita 70, nondo moja inatoa 17, kwa hiyo nondo 10. Fundi akisema ametumia 6, muulize ringi amezipanga kila sentimita ngapi.

Kitu kimoja kinachosahaulika sana ni vitofali vya kunyanyulia nondo. Tengenezeni vipande vidogo vya mota ya saruji na mchanga vyenye unene wa milimita 25, vifungwe kwa waya chini na ubavuni mwa nondo. Bila hivyo nondo inalala juu ya ubao, mbao zikitolewa inaonekana kwa macho, kutu inaanza, zege linabanduka.

---

Kagera_Yetu

Kwa sisi wa Kagera linta si kitu cha kubana matumizi. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na likaharibu vibaya majengo ya sekondari za Ihungo na Nyakato hadi zikajengwa upya. Ukuta wa tofali usiofungwa hufunguka kwenye pembe, kila upande unaanguka kivyake. Linta lazima izunguke jengo lote bila kukatika, nondo za pembeni zikunjwe na kuingia ukuta wa pili angalau nusu mita. Linta ya vipande juu ya mlango na dirisha peke yake haifungi kitu. Ukiweza, weka na mkanda mwingine usawa wa msingi.

---

Timazi_na_Pimamaji

Sahihi kabisa. Na hapo kwenye linta ndipo paa linaposhikwa au kuachwa. Kila masika tunasikia upepo umeezua madarasa. Upepo hauli bati peke yake. Unaingia chini ya kibaraza, unanyanyua paa zima na kenchi zake, kwa sababu kenchi ilifungwa kwa waya wa kufungia nondo, ule mwembamba, au kwa msumari mmoja wa kupigwa mshazari.

Utaratibu: kabla ya kumwaga linta, chora kwa chaki juu ya ubao mahali kila kenchi itakapokaa. Umbali usizidi mita 1.2 hadi 1.5 kadiri mchoro unavyosema. Kila alama ichomekwe mkanda wa chuma au nondo ya mm 8 iliyokunjwa kama herufi U, ikipita chini ya nondo za chini za linta, ncha mbili zikitokeza juu sentimita 50. Zege likishika, kenchi inakaa katikati ya ncha hizo, zinakunjwa juu yake na kupigiliwa. Kila kenchi, si moja kwa kuruka. Za mwisho mbili kila upande ndizo zinazobeba mvuto mkubwa zaidi.

Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni. Kwenye ukingo wa chini na karibu na kofia ya paa, kila mgongo wa pili. Geji: namba ikipanda bati linapungua unene, hivyo 30 ni jembamba kuliko 28. Msikubali kubadilishiwa dukani eti "hakuna tofauti". Mbao ziwe zimetiwa dawa na zimekauka. Mbao mbichi inajipinda, misumari inalegea ndani ya mwaka mmoja.

---

Mdau_Machakos

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu nataka kuongea kuhusu mabweni, kwa sababu tumezika watoto wengi mno. Bombolulu 1998, wasichana 26. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67: mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Nanyi mna Shauritanga ya 1994, na Idodi ya 2009 ambako wasichana 12 walikufa na chanzo kilichotajwa kikawa mshumaa.

Mwongozo wetu wa Kenya wa viwango vya usalama shuleni wa mwaka 2008 unasema mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyapima kwa futi:

- Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya katikati isipungue mita 2.
- Mlango kila mwisho wa bweni, pamoja na mlango wa dharura katikati, ulioandikwa waziwazi.
- Milango iwe na upana wa futi 5, ifungukie nje, na isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani.
- Madirisha yasiwe na vyuma, na yafungukie nje.
- Kizima moto kila mlango.

Tatizo si kukosa kanuni. Tatizo ni kwamba bweni linapangwa kwa idadi ya wanafunzi waliokwisha kuandikishwa, wala si kwa futi za sakafu.

---

Mkadiriaji_Majenzi

Ndugu wa Machakos, acha nikupigie hesabu hiyo, maana wengi hawaijui. Bweni la mita 20 kwa 8 ndani. Vitanda vya sentimita 90 kwa 190, kichwa ukutani, safu mbili. Njia ya katikati inabaki mita 4.2, sawa. Kwa urefu: kila kitanda na nafasi yake ni mita 2.1, vinaingia 10 kila safu. Upande wenye mlango wa dharura unapoteza kimoja, vinabaki 9. Jumla 19 vya ghorofa, wanafunzi 38. Bweni hilo hilo utalikuta na wanafunzi 80, vitanda vimegusana, na mlango wa katikati umezibwa na masanduku. Yale masanduku ni ya kutafutiwa chumba chake kwenye mchoro tangu mwanzo. Yasipopewa chumba, yatalala mlangoni.

---

MwlMkuu_Kata

Lakini tukiondoa vyuma madirishani wezi wanaingia, na mabweni ya wasichana wazazi wenyewe wanadai vyuma. Tufanyeje?

---

Bi_Zimamoto

Mwalimu, hofu ya wazazi ni ya kweli, ila jibu lake ni uzio, taa za nje na mlinzi, si kumfungia mtoto ndani. Pale ambapo vyuma vipo tayari, fanyeni haya wiki hii hii: kila dirisha la tatu likatwe, vyuma vyake viwekwe kwenye fremu yenye bawaba inayofungukia nje, na komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mmoja bila ufunguo. Mtoto mdogo kuliko wote ajaribu kulifungua gizani. Akishindwa, komeo halifai.

Mlango vivyo hivyo. Kufuli kwa nje usiku marufuku. Ufunguo ukiwa kwa matroni anayelala nyumba nyingine, huo ni mlango usiokuwepo.

Vizima moto: kimoja cha maji lita 9 au cha unga kilo 6 kila mlango, mshale uwe kwenye kijani, kihudumiwe kila mwaka. Nyaya za umeme: bweni liwe na swichi kuu yake nje ya chumba cha kulala, na kikata umeme kinachokata ukivuja. Waya wa kuunganisha unaotembea chini ya magodoro uondolewe. Betri za sola zisichajiwe ndani ya bweni. Zoezi la kutoka lifanyike kila muhula, mara moja usiku, na orodha ya majina ibaki nje ya jengo, maana orodha iliyoungua haihesabu mtu. Namba yetu ya dharura, Zimamoto Tanzania, ni 114. Na leteni michoro tuisome kabla ya kuchimba msingi. Kuhamisha mlango kwenye karatasi ni bure.

---

Mdau_Machakos

Kwa wanaojenga ghorofa: ngazi. Februari 2020 shule ya msingi Kakamega ilipoteza watoto 14 waliokanyagana wakishuka ngazi wakati wa kwenda nyumbani. Jengo halikuanguka. Ngazi ziwe mbili, moja kila mwisho, vikono pande zote, kimo cha vipandio kiwe sawa kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, na mwanga uwepo. Na madarasa yatoke kwa zamu.

---

Afya_Shuleni

Vyoo msivisahau, ndivyo vinavyochimbwa mwisho kwa fedha zilizobaki. Tanzania uwiano ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 na wavulana 375 inahitaji matundu 20 na 15. Ongezeni tundu la mwenye ulemavu kila upande na chumba cha wasichana kujistiri chenye maji na mlango unaofungwa kwa ndani.

Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Kwenye mchanga lijengewe tofali kuanzia chini hadi juu, na viungo vya chini viachwe bila mota ili maji yapenye. Shimo lisilojengewa huporomoka masika, sakafu ikabaki inaning'inia hewani bila mtu kujua.

Njia ya kiti cha magurudumu: mteremko 1:12. Sakafu ikiwa juu sentimita 60, njia ni mita 7.2. Zile za mita mbili zinazojengwa ili ripoti iandikwe "ipo", hakuna anayeweza kuzipanda mwenyewe.

Na wakati wa ujenzi masomo yakiendelea: mashimo ya choo na madimbwi ya kumwagilia tofali yazungushiwe uzio siku hiyo hiyo yanapochimbwa. Malori yasiingie wakati wa mapumziko.

---

Geita_Kwetu

Radi je? Januari 2025 wanafunzi 7 wa sekondari ya Businda, Bukombe, walikufa kwa radi.

---

Timazi_na_Pimamaji

Mkuu, ukanda wa ziwa kinga ya radi iingie kwenye BOQ tangu mwanzo. Nyaya za kushusha radi ardhini zisipungue mbili, pembe zinazokabiliana, kila moja na fimbo yake ya ardhini, na fimbo ziunganishwe. Upinzani wa ardhi upimwe kwa kifaa, usizidi omu 10. Upimwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu, maana masika kila fimbo inafaulu. Waya wa shaba huibwa, hivyo mita 2.5 za chini zipite ndani ya bomba lililofungwa ukutani, na mtu akague kila mwezi. Waya uliokatwa katikati ni hatari kuliko kutokuwa nao.

---

Bi_Mapokezi

Swali la mwisho kwa leo. Darasa letu limemwagwa linta wiki iliyopita bila ile mikanda ya kenchi. Kenchi bado ziko chini. Tubomoe?

---

Fundi_Mwashi88

Msibomoe, dada. Zege liacheni limalize siku 14. Chini kidogo ya linta, kila mahali pa kenchi, toboeni tundu linalopita ukuta mzima, sentimita 5 tu, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo ili tofali lisipasuke. Pitisheni mkanda wa chuma wa upana wa milimita 30, upande ndani na nje ya ukuta, uvuke juu ya kenchi, ukazwe kwa boliti ya mm 10. Tundu lizibwe kwa mota ya 1:3. Kwa darasa lenye kenchi 7 ni mikanda 14, maana kila kenchi ina miguu miwili, na kila mkanda unakula kama mita 1.5 kutegemea kimo cha linta. Anzeni na kenchi za mwisho pande zote mbili, na mhandisi aone kabla bati la kwanza halijapanda.